Plains, Georgia: Hifadhi ya Rais Aliyekuwa Mwanamaji na Mwenye Duka

Wengi wanaofika Plains, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia nchini Marekani, huja kuona alikotoka rais wa 39 wa nchi hiyo. Hupiga picha mbele ya sanamu ya karanga yenye tabasamu la Jimmy Carter, hula aiskrimu ya karanga katika barabara kuu ya mji, kisha huondoka. Hawajafanya vibaya, ila wamekunywa mchuzi wakaiacha nyama. Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Jimmy Carter, ambayo husimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani na haitozi kiingilio, ina thamani kubwa zaidi kwa mgeni anayekwenda kuchunguza maisha ya mwanamaji aliyeacha nyambizi akarudi kwao kuuza mbegu na mbolea. Urais wa Carter ulidumu miaka minne tu, kuanzia 1977 hadi 1981, ilhali biashara ya Plains ilimshughulisha kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo. Sisi wa Afrika Mashariki tuliomfahamu kwa vita vyake dhidi ya ugonjwa wa mnyoo wa Guinea, na kwa waangalizi wa shirika lake, Kituo cha Carter, waliofika Kenya wakati wa uchaguzi, tunaweza kushangaa kuona ni kiasi gani cha mtu huyo kilifinyangwa nyuma ya kaunta.

Plains iko kilomita zipatazo 250 kusini mwa Atlanta, safari ya gari ya saa mbili na nusu hivi, na sensa ya mwaka 2020 iliwakuta huko wakazi wasiofika 600. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1987. Si jengo moja lenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, bali ni sehemu kadhaa zilizotawanyika: shule ya zamani, kituo cha reli, nyumba ya familia, na shamba la utotoni lililo kijiji cha Archery, kilomita chache magharibi mwa mji. Mgeni aliyezoea maktaba za kumbukumbu za marais wa Marekani, zenye kumbi ndefu na marumaru, ajiandae kukutana na mbao, mabati na vumbi jekundu. Kwangu mimi hiyo ni sifa.

Shule ya Plains, iliyogeuzwa kuwa kituo cha wageni na makumbusho, ni mahali pazuri pa kuanzia lakini si pa kukaa mno. Jimmy na Rosalynn, aliyekuja kuwa mkewe, walisoma hapo wote wawili, na mwalimu wao Julia Coleman, aliyekuwa pia mkuu wa shule, alikuwa na kauli kwamba inatupasa kujirekebisha nyakati zinapobadilika bila kuziacha kanuni zisizobadilika, kauli ambayo mwanafunzi wake aliinukuu katika hotuba ya kuapishwa kwake mwaka 1977. Hapo mgeni hupata mpangilio wa maisha yote tangu mwanzo, naye aupitie kwa makini kwa sababu shamba na mitaa ya mji havitamrudishia tarehe. Lakini makumbusho ya aina hiyo, yaani picha, vibao vya maelezo na vitu ndani ya vioo, yapo kila mahali duniani. Duka la Archery ni jambo lingine.

Familia ya Carter ilihamia shambani mwaka 1928, Jimmy akiwa na umri wa miaka minne, na aliishi hapo mpaka alipokwenda chuoni mwaka 1941. Nyumba ilikuwa haina umeme wala maji ya bomba walipohamia. Hatua chache kutoka kwenye nyumba hiyo lipo duka la shamba, jengo dogo la mbao ambalo baba yake, Earl Carter, aliwauzia wakulima wapangaji na vibarua wake pamoja na majirani. Bidhaa zake zilikuwa zile ambazo mtu wa shamba hawezi kuzikwepa: unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa, tumbaku na ugoro, ovaroli na viatu vya kazi, mafuta ya mbarika kwa wagonjwa, mitego ya panya, na shira ya miwa iliyotengenezwa hapohapo shambani. Mtu aliyelelewa karibu na duka la rejareja la kijijini, popote alipolelewa, hatahitaji maelezo ili kuelewa mantiki ya rafu hizo, kwa kuwa kila kitu kilichopo kinauzwa kidogokidogo, kwa vipimo anavyovimudu mtu asiye na fedha ya kesho.

Ingefaa hapa mgeni asitosheke na harufu ya mbao kuukuu. Duka la shamba katika majimbo ya kusini ya Marekani wakati ule halikuwa duka la kawaida. Mkulima mpangaji alichukua chakula, mbegu na mbolea kwa mali kauli tangu msimu wa kupanda, mwenye shamba akaandika katika daftari lake, na hesabu ikafungwa baada ya mavuno, ambapo mara nyingi deni lilikula sehemu kubwa ya jasho la mwaka mzima. Mwenye ardhi, mkopeshaji, muuzaji na mwenye daftari alikuwa mtu mmoja, na katika Archery mtu huyo alikuwa mzungu, wakati karibu majirani wake wote walikuwa Wamarekani weusi. Nyumba ndogo ya Jack na Rachel Clark, wafanyakazi weusi wa shamba hilo, imehifadhiwa palepale, na ninamshauri kila mgeni atoke dukani na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba hiyo kabla ya kurudi kuitazama ile ya akina Carter, maana duka linasomeka vizuri zaidi kutoka upande wa mteja. Carter mwenyewe alieleza maisha yake yote kwamba Rachel Clark alikuwa mmoja wa watu waliomlea na kumfunza, lakini mapenzi hayo hayakuufuta umbali uliokuwapo kati ya nyumba hizo mbili.

Huduma ya hapo shambani ni ya kujitembeza. Hakuna msafara wa kumburuta mtu, na sehemu mbalimbali zina rekodi za sauti ya Carter mwenyewe akisimulia kilichofanyika mahali hapo. Sauti hizo ndizo zilizonishika kuliko maandishi yoyote, kwa sababu msimulizi haongei kama kiongozi anayekumbuka utukufu. Anaongea kama mtoto aliyewahi kutumwa. Alikuwa na umri wa miaka mitano hivi alipoanza kuchemsha karanga na kuzibeba kwa miguu kwenda kuziuza mitaani Plains, na alijifunza mapema ni nani hununua na ni nani hutania tu. Alipofikisha umri wa miaka tisa alitumia akiba yake kununua marobota matano ya pamba kwa senti tano kwa ratili, akayaweka, kisha miaka michache baadaye akayauza kwa senti 18 na kununua nyumba tano za kupangisha. Mtu anaweza kubishana iwapo hiyo ni hadithi ya bidii au ni hadithi ya mtoto wa mwenye ardhi aliyekuwa na ghala la baba la kuwekea pamba. Mimi naiona kuwa yote mawili.

Anayekuja kwa ajili ya mwanamaji anapaswa kuelezwa ukweli: Plains iko mbali na bahari, hakuna meli wala gati, na sehemu hii ya maisha yake mgeni atalazimika kuibeba kichwani anapotembea. Chanzo chake kilikuwa mjomba. Tom Gordy, ndugu wa mama yake, alikuwa mtumishi wa mawasiliano ya redio katika jeshi la wanamaji, na barua na kadi zake kutoka bandari za Pasifiki ndizo zilizomtia mpwa wake tamaa ya Chuo cha Wanamaji cha Annapolis akiwa bado mtoto wa shule. Mjomba huyo alitekwa na Wajapani kisiwani Guam mwezi Desemba 1941, akatangazwa kuwa amekufa, kisha vita vilipokwisha akapatikana akiwa hai, amedhoofu kwa mateso ya utumwa wa vita. Wakati huo Jimmy alikuwa tayari Annapolis. Alihitimu mwaka 1946 akiwa wa 59 katika darasa la zaidi ya watu 800, akamwoa Rosalynn Smith mwezi Julai mwaka huohuo, na baadaye akaingia katika kikosi cha nyambizi, akatumikia USS Pomfret na kisha K-1.

Habari mbili za miaka hiyo zinasaidia kulielewa duka la baadaye. Ya kwanza ni mahojiano yake na Hyman Rickover, mkuu wa mpango wa nyambizi za nyuklia, mtu aliyekuwa na sifa ya kuwatoa jasho maofisa vijana. Carter alitaja nafasi yake ya 59 akitarajia pongezi, naye Rickover akamuuliza kama siku zote alikuwa amefanya kwa kadiri ya uwezo wake wote. Kijana akakiri kwamba si siku zote. Rickover akageuza kiti chake kuyamaliza mahojiano, kisha akauliza swali moja la mwisho: kwa nini? Ya pili ni ajali ya kinu cha nyuklia cha Chalk River huko Kanada, mwezi Desemba 1952. Carter aliongoza kikundi kilichotumwa kusaidia kukifungua kinu kilichoharibika, ambapo mionzi ilikuwa kali kiasi kwamba mtu aliweza kukaa ndani kwa sekunde 90 hivi tu. Walijenga mfano wa kinu hicho katika uwanja wa tenisi, wakafanya mazoezi ya kufungua parafujo moja baada ya nyingine, kisha wakaingia kwa zamu na kutoka mbio. Kwa miezi kadhaa baadaye mkojo wao ulipimwa na kukutwa bado una mionzi. Ofisa wa aina hiyo, aliyezoea kuhesabu kila sekunde na kila parafujo, ndiye aliyekuja kusimama nyuma ya kaunta ya mbolea.

Earl Carter alikufa kwa saratani mwezi Julai 1953, na mwanawe akaomba kuachiliwa jeshini kabla mwaka haujaisha ili arudi Plains kuiendesha biashara ya baba yake ya mbegu na mbolea. Rosalynn, ambaye alikuwa amezaliwa Plains na alikuwa ameshukuru kutoka huko, aliupinga uamuzi huo kwa nguvu zake zote, na safari ya gari ya kurudi nyumbani ni moja ya vichekesho vichungu vya ndoa ile, kwani alikuwa akimtuma mtoto wao mkubwa, Jack, amwambie baba yake kwamba wanahitaji kusimama mahali penye choo. Kati ya marais wote wa Marekani, Carter ndiye aliyewahi kuishi katika nyumba za umma zinazopangishwa kwa bei nafuu, kwa maana familia ilianzia huko ilipofika Plains. Kiasi kikubwa cha alichodai Earl kilikuwa kimesamehewa au kimegawanywa kwa warithi. Mwaka 1954 ukame ukaunguza mazao, wateja wakashindwa kulipia mbolea waliyokuwa wamekopa, na faida ya duka kwa mwaka mzima haikufika dola 300.

Mtu yeyote aliyewahi kuendesha duka la pembejeo, au kukaa na mwenye nalo, anaujua mwaka wa namna hiyo: ghala ni tupu, daftari limejaa, na wadaiwa ni watu unaokutana nao kanisani. Carter hakuwa na desturi ya kulalamika bali ya kusoma. Alifuatilia mafunzo ya kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Tifton, akajielekeza kwenye mbegu za karanga zilizothibitishwa ubora, na akajifunza upya kilimo ambacho alidhani anakijua kwa sababu alizaliwa ndani yake. Rosalynn, aliyeletwa bila ridhaa, alianza kwa kupokea simu siku chache kwa juma, akajifunza utunzaji wa hesabu, na haukupita muda mrefu akawa anajua vizuri kuliko mumewe ni upande gani wa biashara unaoleta faida na ni upi unaokula mtaji. Ningependa mgeni anapotembea katikati ya mji aipe nafasi sehemu hii ya Rosalynn, kwani ni rahisi kumwona katika picha kama mke wa mgombea ilhali alikuwa mhasibu wa kampuni. Ghala la Carter, lililokua kutokana na kazi hiyo ya watu wawili, ndilo lililowapa uwezo wa kujenga nyumba yao mwaka 1961, nyumba ya kawaida kabisa ambayo waliishi ndani yake hadi mwisho. Rosalynn alifariki Novemba 2023, Jimmy akafariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100, nao wamezikwa katika viwanja vya nyumba hiyohiyo.

Jambo moja zaidi la duka hilo nalihesabu kuwa kiini cha ziara nzima. Katika miaka ya 1950, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kutangaza kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, wazungu wa majimbo ya kusini walianzisha mabaraza ya kupinga uamuzi huo, na la Plains likamtaka kila mwanamume mzungu ajiunge. Carter alikataa. Wakamrudia pamoja na wateja wake, wakasema watamlipia hata ada ya dola tano; akajibu kwamba ni heri azitupe chooni dola hizo. Duka lake likasusiwa. Katika mji mkubwa kususiwa ni hasara ya kibiashara, lakini katika mji wa watu mia kadhaa, ambapo kila mteja ana jina na kila jina lina historia na baba yako, ni kitisho cha kumwondoa mtu kabisa. Susio hilo lilififia baada ya muda na wengi wakarudi, pengine kwa dhamiri na pengine kwa sababu mbegu zake zilikuwa nzuri. Mwenye duka hana sababu ya kuuliza. Ni haki kuongeza kwamba msimamo wake hadharani katika miaka ile haukuwa wa kupiga kelele, na kwamba wapo waliolipa gharama kubwa zaidi kuliko wateja waliohama kwa muda.

Kituo cha reli, kilichojengwa mwaka 1888 na kilichokuwa makao ya kampeni ya urais ya 1976, hakihitaji muda mrefu. Inapendeza kusikia kwamba kilichaguliwa kwa kuwa ndilo lilikuwa jengo tupu mjini lenye choo kinachofaa, sababu ambayo mwenye duka yeyote angeiheshimu. Picha na mabango yamo humo, na anayependa historia ya uchaguzi atafurahi. Mimi nilikuwa nikiliwazia ghala. Alipokuwa rais, Carter aliweka biashara yake chini ya mdhamini ili asituhumiwe kunufaika na cheo, na aliporudi mwaka 1981 akakuta kampuni ina deni la takribani dola milioni moja, ikabidi iuzwe. Aliyekuwa ameendesha mojawapo ya serikali kubwa kuliko zote za wakati wake alirudi kwao akiwa mdaiwa, akaanza kuandika vitabu ili kujikimu. Sehemu hiyo ndiyo ningependa kila mfanyabiashara mdogo aisome kabla ya kumwachia ndugu au rafiki ufunguo wa duka kwa miaka minne.

Kwa hiyo ninaipendekeza hifadhi hii kwa dhati, nikiweka masharti machache. Wapenzi wa mambo ya kijeshi wasije kwa matumaini ya kuona vyombo vya majini. Jina la Carter limebebwa baharini na nyambizi ya USS Jimmy Carter, iliyoanza kazi mwaka 2005, lakini nyambizi hiyo haiko Plains. Watoto wadogo watafurahia wanyama na bustani ya shambani kuliko makumbusho, kwa hiyo mzazi aanzie Archery asubuhi, hasa majira ya joto ambapo jua la kusini mwa Georgia halina huruma na sehemu kubwa ya ziara ni ya nje. Watu wazima wasio na haraka waanzie shuleni, wakale mchana, kisha wamalizie shambani wakiwa na muda wa kusikiliza rekodi zote. Viatu vya kutembelea ni vya lazima, na maji ya kunywa ni bora kuyabeba. Bila gari, mpangilio huu ni mgumu, kwa kuwa sehemu ziko mbalimbali. Ipo treni ya watalii ya SAM Shortline inayoanzia mji wa Cordele na ambayo husimama Plains na Archery, nayo ni njia ya kupendeza kwa anayependa reli, ila haiendi kila siku, na ratiba yake ndiyo huamua mtu atakaa dukani kwa Earl Carter kwa muda gani, wala si yeye mwenyewe.